Uzoefu wangu: kifuniko cha rejeta cha Beetle, shilingi 5,000

Tangazo lenyewe ndilo lililoniponza. Kiduara cha shaba kimelazwa juu ya kanga kama pete ya posa, na chini yake maneno: "Kifuniko cha rejeta, Volkswagen Beetle ya 1967. Hakijafungwa kwenye gari hata siku moja. Hakijawahi kuvuja. Beetle yako ikichemsha rejeta, nirudishie nikupe hela yako. Kikigoma kuingia, badilisha gari."

Mimi nina Beetle 1300 ya 1972. Nilicheka ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza kama nashuka.

Kwa asiyezijua gari hizi, Beetle haina rejeta. Injini iko nyuma, inapozwa na upepo wa feni, na feni inazungushwa na mkanda mmoja pamoja na dinamo. Maji pekee utakayoyakuta ni ya kuoshea kioo, nayo kwenye yangu yanasukumwa na upepo wa tairi ya spea (hapa sifanyi utani, nenda kaangalie). Na ni hivyohivyo bila rejeta Beetle ilivyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo ukiondoa jina la spea, kila alichoandika yule bwana ni kweli tupu. Hakijafungwa kwenye gari. Hakijavuja. Na Beetle kuchemsha rejeta, itaitoa wapi?

Nikampigia. "Kaka, kitaingia kwenye ya 1972?"

"Kama kinavyoingia kwenye ya 1967, bosi."

"Na maji niweke kiasi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Nunua ya kunywa, weka kiti cha mbele. Jua kali."

Hapo nikajua nimepata mtu wa kufanya naye biashara. Alianzia 8,000, tukamalizana kwa 5,000. Tulikutana mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akanikabidhi mfuko wa kaki, ndani kikiwa kimeviringishwa kwenye gazeti, pamoja na maelekezo ya ufungaji kwa kalamu ya bluu:

"Fungua boneti. Utakuta tairi ya spea. Funga boneti."

Nilipombana kidogo alikiri kwamba alikiokota kwenye kifusi walipokuwa wanachimba msingi. Cha nini hasa, hata yeye hajui.

Nikakipeleka gereji. Kijana wa fundi, ambaye amekulia kwenye Toyota, nilimpa tu nikamwambia afunge. Alifungua mbele, akafungua nyuma, akalala chini ya gari, akarudi amejaa vumbi. "Rejeta yako mjomba waliihamishia wapi?" Fundi mwenyewe, mzee wa makamo yenye heshima, alikipokea, akakigeuzageuza, akasugua vumbi kwa kidole gumba. Ukingo una michirizi ya kushikia, na pembeni kuna kiskrubu kidogo ambacho mimi sikuwa nimekiona. "Hiki cha taa ya karabai," akasema. "Unajaza mafuta ya taa, unafunga, unapampu. Ukitaka kuzima unalegeza hapa, upepo unatoka." Akaiga ule mlio, tsss, kijana wake akabaki kamkodolea macho.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, washa ya ndani (ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) imekauka na kupasuka, jambo ambalo kwa spea ambayo "haijafungwa kwenye gari hata siku moja" lilipaswa kutajwa. La pili, hakunipa risiti, na hii ndiyo risiti ambayo ningeiwekea fremu. Kwa hayo nampunguzia nyota moja. Nyota nne.

Sasa hivi kifuniko nimekigundisha juu ya dashibodi. Abiria akiuliza, namwambia asikiguse, injini bado ya moto. Wengi wanarudisha mkono.

Jana muuzaji amenitumia picha nyingine: "Propela shafti ya Beetle, imenyooka, haina mchubuko." Propela shafti ni lile chuma refu la kupeleka nguvu ya injini ya mbele kwenye magurudumu ya nyuma; Beetle gia na injini vyote viko nyuma, propela haina. Kwenye picha ni bomba la maji, na koki yake bado iko mwishoni. Ameanzia 20,000. Nimemwambia 7,000 na koki aitoe, amekataa, anasema koki ndiyo gia ya tano. Bado tunavutana.