HeartStart FRx kwa watoto: huu ufunguo wa pinki una kazi gani?

Haya wadau karibuni, leo mezani nina Philips HeartStart FRx, mashine ya kushtua moyo, hizi AED mnazoziona zimetundikwa ukutani airport, na kwenye komenti mnaniuliza kila siku, je mtoto mdogo anawekewa? Anawekewa, hata kichanga, ila kwa namna yake.

Cheki hapa. Huu ufunguo wa pinki unauchomeka kwenye tundu hili la mbele, basi, mashine imeshajua ni mtoto. Mtu mzima inampiga shoti ya joule 150, joule ni kipimo cha nishati ya umeme, ukiwa na ufunguo inashuka mpaka 50, na maelekezo ya CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpa pumzi, nayo yanakuwa ya mtoto. Ni kwa walio chini ya miaka 8 au chini ya kilo 25, na usianze kuuliza cheti cha kuzaliwa jamani, mkadirie kwa macho songa mbele. Nilichopenda zaidi vibandiko, hivi vya kubandika mwilini vinavyopitisha umeme, ni vilevile vya wakubwa, ile AED nyingine ya Philips, HS1, inabidi uchomoe katriji ya wakubwa uweke ya watoto, sasa fikiria unafanya hivyo huku mama wa mtoto analia pembeni.

Kwenye kubandika ndo watu wanachemka. Mkubwa kimoja kinakaa juu kulia kingine ubavuni kushoto, lakini kachanga kifua chote kanaenea kwenye kiganja, ukibandika hivyo vitagusana na umeme utakatisha juu juu bila kufika kwenye moyo vizuri. Kwa hiyo kimoja katikati ya kifua, kingine mgongoni katikati ya mabega, ngozi iwe wazi, kama katolewa kwenye maji mfute kwanza. Mashine inasoma mapigo yenyewe, kama hayahitaji shoti hata ubonyeze vipi haitoi, yakihitaji hiki kitufe cha chungwa kinawaka, hapo hakuna kumgusa mtoto, hata mama yake, ndo ubonyeze.

Halafu msikae kuisubiri mashine. Watoto wengi moyo unasimama kwa kukosa hewa, kazama, kapaliwa, kwa hiyo anza CPR na pumzi umpe, kama uko peke yako kandamiza 30 pumzi 2, mashine ikifika unaunganisha.

Kinachonikera sasa. Ukisahau ufunguo ndani halafu akaja mtu mzima, naye anapigwa 50, hiyo ndogo mno kwake, kwa hiyo ukimaliza chomoa. Na kadude kenyewe ni kadogo, kupotea ni dakika, ufungeni kwa kamba kwenye begi la mashine. Ukipotea kweli na mtoto yuko chini usikwame, bandika mbele na nyuma vilevile utumie hivyohivyo, shoti ya mkubwa ni afadhali kuliko kumwacha.

Ah, na ufunguo hauji na mashine, unauzwa pembeni, kwa hiyo mkiomba bei ya shule au ya swimming pool uulizieni kabisa.