Ukitoka makao ya watoto: chumba chako au nyumba ya mpito?

Nchini Kenya, ukitimiza miaka 18 sheria haikuhesabu tena mtoto, na makao huanza kukuuliza utaenda wapi. Hapo ndipo ubishi huanza: upange chumba, au ukae nyumba ya mpito na vijana wenzako chini ya msimamizi?

Kwa gharama za kuanzia, nyumba ya mpito inashinda mbali. Chumba cha mabati Kawangware, mtaa wa Nairobi, kinaweza kuwa na kodi nafuu, ila siku ya kuingia mwenye nyumba anataka kodi na dipoziti pamoja. Bado godoro, meko, ndoo, kufuli. Naam, kufuli: wengi hawajawahi kuwa na mlango wao wa kufunga.

Uhakika? Nyumba nyingi za mpito huendeshwa kwa pesa za wafadhili. Mfadhili akijitoa, nawe unafungasha. Chumba ni chako mradi unalipa.

Kinachosahaulika ni upweke. Aliyekua akila kutoka sufuria ya watoto arobaini hajui kupima unga wa ugali wa mtu mmoja. Atapika wa kumwaga, mwezi haujafika katikati unga umeisha. Nyumba ya mpito humfundisha hayo taratibu, ingawa sheria za kurudi saa kumi na mbili humchosha mtu mzima.

Mwenye kitambulisho na kibarua cha uhakika, mimi ningemwambia apange. Anayesoma, au anayehangaikia kitambulisho bila karatasi za wazazi, asikimbilie chumba.