TAHADHARI: Unanunua tovuti kwa mwenyewe? Usilipe kabla domeni (jina la tovuti) haijaingia kwenye akaunti yako

Ndugu zangu, habari za muda huu. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa ninyi mnaotafuta tovuti za bei nafuu ili ziwaingizie kipato. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram anauza tovuti ya matokeo ya mitihani na nafasi za kazi. Mimi nilimlipa shilingi 4,800,000 mwezi Februari mwaka jana. Mwezi Mei tovuti ikaniponyoka kwa usiku mmoja. Wiki iliyopita nimeliona tangazo lile lile, maneno yale yale na picha zile zile, ila muuzaji ana jina jipya. Simtaji kwa sababu jalada liko polisi. Nitaeleza mbinu yake, maana jina atabadilisha hata mara kumi lakini mbinu ni ile ile.

Niseme kwanza kwamba kununua tovuti kwa mwenyewe si jambo baya. Kuna watu walianzisha blogu wakiwa chuo, wakapata kazi, wakaziacha, na watu bado wanaingia kusoma. Mwenyewe hana muda nayo na hajui ina thamani gani. Ukimfuata kwa heshima mnaelewana, bila dalali na bila kamisheni ya masoko ya tovuti kama Flippa. Mimi nilinunua hivyo blogu ya mapishi kwa dada mmoja wa Tanga kwa 350,000. Mpaka leo ninayo, na inatosha kulipia umeme wa nyumbani. Yule dada alikuwa mkweli kiasi kwamba sikujifunza kukagua chochote, na hapo ndipo nilipoumia.

Huyu wa pili alinifuata mwenyewe. Aliona nimeuliza kwenye kundi kama kuna mtu anauza blogu ya Kiswahili. Akasema tovuti yake ina miaka saba, inaingiza dola 310 kwa mwezi kupitia AdSense, yaani matangazo ya Google, na anauza haraka kwa sababu amepata nafasi ya masomo nje ya nchi. Dola 310 ni kama laki nane za kwetu. Nikapiga hesabu: miezi sita tu mtaji umerudi. Nilifurahi, wakati hesabu hiyo ilipaswa kunishtua. Tovuti yenye kipato cha uhakika kwa kawaida huuzwa kwa faida ya miaka miwili, hata mitatu. Mtu mwenye kitu kinachorudisha fedha yote ndani ya nusu mwaka angeweza kukikodisha, au kumwachia mdogo wake akiendeshe huku yeye anasoma.

Nikamwomba ushahidi. Akanitumia picha za skrini, nikasema hizo hazitoshi. Akanipigia kwa video, akafungua AdSense mbele yangu, nikaziona namba kwa macho yangu. Nikaridhika. Baadaye ndipo nikaelewa mambo mawili. La kwanza, akaunti moja ya AdSense inaweza kubeba tovuti nyingi. Jumla niliyoonyeshwa ilikuwa ya tovuti zake zote, na sikumwambia aigawanye kwa tovuti moja moja, jambo ambalo ripoti ya AdSense inaliruhusu kabisa. La pili, namba yoyote inayoonekana kwenye ukurasa wa intaneti inaweza kubadilishwa kwenye kompyuta ya mtu kwa sekunde chache, na simu ya video haitakuonyesha tofauti.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mzazi wa Tanzania angeliona kama angetulia. Alinionyesha namba za mwezi Januari. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari! Nchi nzima inatafuta matokeo wiki hiyo, tovuti ya NECTA inazidiwa, watu wanaangukia kwenye blogu yoyote inayojitokeza Google. Ukifika Machi hakuna kitu. Wimbi linarudi majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yanapotoka, kisha Julai kwa kidato cha sita, halafu mwishoni mwa mwaka kwa darasa la saba. Tovuti ya namna hii haina kipato cha mwezi, ina kipato cha msimu. Mimi niliuziwa Januari kana kwamba ni miezi 12. Machi, kwa bidii yangu yote, wageni walikuwa wachache kuliko wa ile blogu ya mapishi.

Na hata hiyo AdSense haikuwa yangu. Google hairuhusu akaunti ya AdSense kuuzwa wala kuhamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ukinunua tovuti, unaomba kwa akaunti yako na tovuti inakaguliwa upya. Mimi ombi langu lilikataliwa: maudhui yana thamani ndogo. Nilipofungua makala moja moja nikakuta nyingi zimenakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti nyingine. Ikabidi nizifute na kuandika zangu. Niliandika makala zaidi ya 60 kwa miezi mitatu, usiku baada ya watoto kulala, na kazi yote hiyo imemfaidisha yeye. Mtaielewa sababu sasa hivi.

Sehemu hii ndiyo naomba muisome mara mbili. Nilipolipa alinikabidhi neno la siri la WordPress, mfumo wa kuandikia makala, na la cPanel, yaani mahali mafaili ya tovuti yanapokaa. Nikabadilisha maneno ya siri yote, nikalala usingizi mzuri. Lakini jina lenyewe la tovuti, domeni, lilibaki kwenye akaunti yake kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti. Nilipouliza akanijibu kwa utulivu kabisa: domeni imefungwa siku 60 kwa kanuni za ICANN (shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani), zikiisha nakuhamishia. Nikaenda kusoma, nikakuta kanuni hiyo ipo kweli! Domeni kama za .com hufungwa siku 60 baada ya kuandikishwa au kuhamishwa. Ukweli huo ndio ulioninyamazisha. Ambacho sikukielewa ni kwamba kufuli hilo huzuia domeni kuhama kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa kawaida halizuii kuisukuma kutoka akaunti yake kwenda akaunti yangu ndani ya msajili yule yule. Ningefungua akaunti kwa msajili wake, bila malipo, na domeni ingeingia kwangu siku ile ile.

Tufananishe na kiwanja. Domeni ndiyo hati, na mahali mafaili yanapokaa ni chumba cha kupanga. Mimi nilikabidhiwa ufunguo wa chumba, nikadhani nimepewa hati.

Siku 60 zikaisha akawa anaumwa. Halafu akawa safarini. Mwezi Mei, wiki chache tu kabla ya majina ya kidato cha tano, akaielekeza domeni kwenye seva nyingine. Asubuhi nikafungua tovuti nikaikuta na makala zangu zote, hata zile za jana yake, lakini matangazo si yangu na mimi siwezi kuingia. Kumbe kwenye WordPress aliacha mtumiaji mmoja mwenye mamlaka ya msimamizi, kwa jina linalofanana na la programu-jalizi (plugin), akawa ananakili kila nilichoandika. Mafaili yangu ninayo mpaka leo. Ila mtu akiandika jina lile anapelekwa kwake. Nikimpigia simu hapokei tena.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa Nakuru alinitumia ujumbe. Alikuta jina langu chini ya makala moja, akauliza kama mimi ndiye ninayeandikia tovuti aliyoinunua. Alikuwa ameshalipa. Alionyeshwa picha zile zile, akaambiwa habari ile ile ya siku 60. Sikulala usiku ule. Katika fedha yangu, 1,800,000 ulikuwa mkopo wa kikoba, na nimekuwa nikiurejesha kila Jumamosi mbele ya akina mama walioniamini. Yule kijana alisema yake ilikuwa ada ya muhula wa mwisho.

Na jihadharini na wale wanaomthibitishia. Kwenye kundi kulikuwa na watu watatu walioandika kwamba wamefanya naye biashara na ni mwaminifu. Mmoja akajitolea kushika fedha kama mtu wa kati, akanitumia linki ya huduma ya dhamana yenye nembo nzuri. Nashukuru ile niliikataa, nikatuma moja kwa moja, ingawa mwisho ulikuwa ule ule. Huduma halisi za kushika fedha zipo, Escrow.com ni mojawapo, lakini anwani yake unaiandika mwenyewe kwenye kivinjari, hubofyi linki uliyotumiwa na muuzaji wala rafiki yake.

Sasa hivi nikitaka kununua, kabla ya kuzungumza bei naingia lookup.icann.org naandika jina la tovuti. Ile ya "miaka saba" ilikuwa imeandikishwa miezi 14 tu kabla ya kuuziwa mimi. Ningeliona hilo kwa nusu dakika. Kama ni .co.tz, naangalia kwenye mfumo wa usajili wa domeni za .tz. Halafu napita Wayback Machine kuona tovuti ilikuwa na sura gani zamani, maana nyingine zilikuwa za kamari. Picha za skrini sizipokei tena kabisa. Namwambia muuzaji aniongeze kama mtazamaji kwenye Google Analytics na kwenye Search Console, huduma za Google zinazohesabu wageni wa tovuti na wanaotoka kwenye utafutaji, kwa barua pepe yangu, niangalie mwenyewe kwenye simu yangu. Search Console inaonyesha miezi 16 ya nyuma, kwa hiyo misimu yote inaonekana, na huwezi kufichwa Machi. Mwenye tovuti halali hili halimchukui dakika mbili. Akianza kusema ni siri ya biashara, naondoka.

Malipo ni kwa mkataba wa maandishi mbele ya wakili, ukitaja domeni, mafaili, kurasa za Facebook na chaneli za Telegram. Fedha hutoka nikishaiona domeni ndani ya akaunti yangu, kwa barua pepe yangu, nimewasha uthibitisho wa hatua mbili. Kisha nafuta kila msimamizi nisiyemjua kwenye WordPress, siku hiyo hiyo.

Waliokwisha kuumizwa, msikae kimya kwa aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, fungueni jalada, mtunze mazungumzo yote na risiti za miamala. Namba ya simu inayotumika kutapeli itumeni TCRA kupitia 15040. Nimepewa RB (namba ya taarifa ya polisi), kijana wa Nakuru naye ameripoti kwao, na tumeshapeana vielelezo.

Tangazo la sasa linasema "nauza haraka, nasafiri kwa masomo, tovuti ya elimu na ajira, bei inazungumzika". Kama umetumiwa na hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, acha kusoma hapa, ingia kwa msajili wa domeni sasa hivi uone imeandikwa kwenye akaunti ya nani. Kama si yako, idai leo, kabla msimu wa matokeo haujafika, na niandikie nikuunganishe na sisi wengine.