Mashine ya presha kwa mzazi aliyetoka kwenye mimba ya presha: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Kwa mama aliyebeba mimba yenye presha, hatari haitoki pamoja na kondo la nyuma. Mara nyingi presha hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, pale maji yaliyojaa miguuni na usoni yanapoanza kurudi kwenye mishipa ya damu. Hizo ndizo siku ambazo wazazi wengi wamesharuhusiwa, wageni wanaingia na kutoka, na macho yote yako kwa mtoto. Kifafa cha mimba kinaweza kumwangusha mzazi siku hizo hizo, hata yule ambaye presha yake ilikuwa shwari mpaka anaingia leba. Kipindi cha kumwangalia ni wiki 6, ila siku 10 za mwanzo ndizo nzito zaidi.

Ndiyo maana, katika vyote vinavyonunuliwa kumpokea mtoto aliyepatikana kwa taabu ya namna hii, mashine ya presha tunaiweka mbele ya kitanda cha mtoto na mbele ya kigari. Mtoto atalala popote penye usalama na joto. Mama yake hana kitu kingine cha kumwonya, kwa sababu presha inaweza kufika 170 bila kichwa kuuma.

Zilizopo sokoni ni za aina nyingi, na nyingine ni za kuacha moja kwa moja. Saa za mkononi na programu za simu zinazodai kupima presha kwa kidole au kwa kamera zisitumiwe kabisa kwa mzazi. Za kifundo cha mkono nazo hatuzipendekezi. Ni nyepesi na zinavutia, ila zinahitaji kifundo kiwe sawasawa na usawa wa moyo kila mara. Kikishuka sentimita 10 tu, namba inaongezeka kwa takriban 7 hadi 8, na mama aliyechoka, mwenye mshono tumboni, hawezi kulishika hilo kila siku. Inayofaa ni ile ya kufunga juu ya kiwiko.

Humo nako kuna mtego ambao watu wengi hawauoni, nao ni jinsi mashine inavyopata namba. Mashine ya nyumbani haisikilizi mapigo kama nesi mwenye stethoskopu. Inahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda, inatafuta mahali mtikisiko ulipo mkubwa kuliko pote, halafu inakokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni iliyowekwa na kiwanda. Mimba, na hasa mimba ya presha, hubadilisha ugumu wa mishipa na kujaza maji kwenye nyama, kwa hiyo mtikisiko nao hubadilika. Matokeo yake, mashine nyingi zinazopima vizuri kabisa kwa mtu wa kawaida huonyesha namba ndogo kuliko presha ilivyo kweli kwa mwenye dalili za kifafa cha mimba. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu linampa mtu utulivu asiostahili kuwa nao.

Kwa hiyo usinunue kwa jina la kampuni, nunua kwa namba ya modeli. Kampuni moja huwa na modeli iliyojaribiwa kwa wajawazito na nyingine isiyojaribiwa, na kwa sura zinafanana kama mapacha. STRIDE BP, shirika linalokagua usahihi wa mashine za presha, wana orodha ya bure kwenye intaneti yenye sehemu ya wajawazito peke yake. Chukua namba iliyoandikwa chini ya mashine, siyo ile kubwa ya kwenye boksi, uitafute humo. Isipokuwemo, iache hata kama muuzaji anaisifu kwa bluetooth na rangi za skrini. Bluetooth haiongezi usahihi hata kidogo.

Mkanda ndio nusu ya mashine. Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa mkono kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32, mkubwa ni 32 hadi 42, na upo mpana wa 22 hadi 42 unaowafaa wengi. Mkono wa mzazi aliyevimba mwishoni mwa mimba unaweza kuwa 35, halafu ukashuka wiki ya pili maji yakishatoka, kwa hiyo huo mpana ndio tunaoupendelea. Mkanda mdogo huongeza namba, mkubwa huipunguza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulikuta kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa zaidi ya wote akifungwa wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa karibu 20. Hiyo inatosha kumkimbiza hospitali usiku mzima mama asiye na tatizo, au kumwongezea dawa asiyoihitaji. Na usiazime mkanda wa kampuni nyingine kwa sababu tu kichwa cha mpira wake wa upepo kinaingia, maana ile kanuni ya kiwanda imetungwa kwa mkanda wake.

Mashine moja inastahili kutajwa kwa jina, CRADLE VSA iliyotengenezwa na Microlife pamoja na watafiti wa King's College London. Imejaribiwa kwa wajawazito, wakiwemo wenye dalili za kifafa cha mimba. Inapampiwa kwa mkono na kuchajiwa kwa waya wa simu wa aina ya micro USB, kwa hiyo habari ya kutafuta betri haipo. Uzuri wake mkubwa ni taa. Kijani maana yake presha iko chini ya 140/90 na hakuna dalili ya kuishiwa damu. Njano huwaka namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90. Nyekundu huwaka kwenye 160 au 110. Lakini taa hizo haziangalii presha peke yake. Mashine inagawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu, jibu likifika 0.9 inawaka njano, likifika 1.7 nyekundu. Mzazi mwenye presha ya 100 na mapigo 110 anapata 1.1. Kwenye mashine ya kawaida namba hizo zingepita kimya, ilhali huenda anavuja damu. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu hata kama mashine yako haina taa, na tunaomba uifanye.

Kasoro yake kwa matumizi ya nyumbani ni hiyo pampu. Mama akijipampia mwenyewe, misuli inafanya kazi wakati wa kipimo, kwa hiyo anahitaji mtu wa pili. Kwa mkunga au mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba ni chombo bora. Kwa mama anayeshinda peke yake, inayojipampu yenyewe inamfaa zaidi. Na taa isichukuliwe kuwa tiba. Jaribio la mashine hii, lililoitwa CRADLE-3 na kufanyika 2016 hadi 2017 kwenye maeneo 10 ya Afrika, India na Haiti na kuhusisha wanaojifungua zaidi ya nusu milioni, lilishindwa kuthibitisha kwamba kuleta mashine tu kunapunguza vifo na kifafa. Ikiwaka nyekundu, lazima kuwe na usafiri, dawa na mtu wa kuitoa.

Sasa kupima kwenyewe, nyumba ikiwa na kichanga. Maelekezo ya kwenye boksi yanasema kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishanishwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Yote ni kweli, ila yameandikwa kana kwamba hakuna mtoto. Usipime ukinyonyesha wala ukiwa umembeba. Mkono unaoshikilia mtoto wa kilo 3 umekaza, na mashine itakupa namba kubwa au alama ya kosa. Mpe mtu mwingine, au subiri alale. Akianza kulia katikati ya kipimo, zima, kambembeleze, kisha anza upya na zile dakika 5. Kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kwa aliyepasuliwa, weka mto kati ya mgongo na kiti, na usipime mara tu baada ya kuinuka kitandani, kwani maumivu ya mshono nayo hupandisha. Mkono uliokuwa na sindano ya dripu na bado umevimba uuache, tumia wa pili, na ukishachagua mkono baki nao siku zote.

Funga mkanda kwenye ngozi, siyo juu ya nguo. Sweta iliyokunjwa hadi begani ni mbaya vilevile, inabana kama mkanda wa pili. Ukingo wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko, mpira upite upande wa ndani kuelekea kiganjani, na vidole viwili viweze kuingia kwa shida kidogo. Usiongee, wala kuitikia hodi. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja, uandike zote mbili pamoja na mapigo, tarehe na saa. Asubuhi kabla ya kumeza dawa, na jioni, kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, isipokuwa kama daktari wako amekupa ratiba nyingine. Kupima kila nusu saa kwa hofu hakusaidii: mkono unauma, hofu inapanda, na namba inapanda nayo.

Mashine ikileta alama ya kosa mara kwa mara, sababu mara nyingi ni ndogo. Mkanda umelegea, mpira umejikunja chini ya kiwiko, mkono umetikisika, au betri zimechoka. Badilisha betri zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Mkanda unaofunguka wenyewe huku unajaa, ukikwaruza kwa ile sauti ya velkro, umejaa nyuzi za blanketi la mtoto kwenye meno yake. Zitoe kwa mswaki mkavu. Ukiona inapampu muda mrefu bila kufika popote, kuna upepo unatoka, ama kwenye kichwa cha mpira au kwenye mkunjo uliopasuka kwa sababu mashine ilihifadhiwa mpira ukiwa umezungushiwa kwa nguvu. Mkanda uliopasuka hautibiwi kwa gundi, unanunuliwa mwingine wa modeli ile ile.

Namba zikisomwa, zisomwe hivi. Ya juu ikiwa 140 hadi 159, au ya chini 90 hadi 109, wasiliana na kituo ulichojifungulia siku hiyo hiyo. Ya juu ikifika 160 au ya chini 110, hata moja tu kati ya hizo, tulia, rudia ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Kama kuna kichwa kinachouma na hakitulii, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au kukosa pumzi, usirudie kipimo, ondoka. Nenda hata kama mashine inasema 128/80. Akianza kutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe chochote mdomoni, na gari liitwe hapo hapo. Na mzazi anayelowanisha pedi nzima ndani ya saa moja asisubiri namba yoyote.

Ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe: "Nimejifungua siku 5 zilizopita, na nilikuwa na presha ya mimba." Mama asiye na tumbo, asiye na mtoto mkononi, huonekana mgonjwa wa kichwa wa kawaida na kuwekwa kwenye foleni. Beba mashine na lile daftari.

Namba zikishuka, dawa zisiachwe kwa uamuzi wa nyumbani. Mara nyingi zimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Zikikaa chini ya 130/80 mfululizo, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari ili apunguze dozi. Nifedipine, labetalol na enalapril hutumika kwa wanaonyonyesha, kwa hiyo kumwachisha mtoto ziwa kwa kuogopa kidonge ni jambo la kuuliza kwanza.

Kwenye kliniki ya kwanza, omba nesi apime kwa kifaa chake, kisha wewe kwa chako, mkono ule ule, dakika chache kati. Zikitofautiana kwa zaidi ya 10 kila mnaporudia, angalia saizi ya mkanda kwanza, halafu ile namba ya modeli. Baada ya wiki 6 usiiuze wala kuigawa. Aliyewahi kupata presha ya mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya presha ya kudumu miaka inayofuata, na mashine hiyo hiyo, ikitolewa betri na kuhifadhiwa bila kukunjwa mpira, bado ina kazi nyumbani humo.