Vijana wa kupogoa miti wa Ngong Road: walikataa kukata kichwa cha jakaranda yangu

Nianze na jakaranda yenyewe. 2021 nilileta jamaa fulani na pawasoo, siwataji, wakaikata kichwa chote ikabaki kama nguzo ya stima na mimi nikalipa nikashukuru kabisa. Miezi michache hivi pale juu pakachipuka fito kibao, zikakimbia hadi zikapita urefu wa mwanzo, kumbe fito za namna hiyo zimeshikilia juu juu tu, si kama tawi lililokua pamoja na shina. Mvua ile ya Aprili 2024 fito moja ikabanduka ikakalia tanki la jirani. Tanki likapasuka, na ujirani nao ukapata ufa kidogo.

Sasa hawa vijana watatu nimewatoa kwa zile nasari za miche za kando ya barabara ukielekea Karen, wakaja Februari hii kabla mvua haijaanza. Nikawaambia wakate kichwa tena nilale usingizi. Mkubwa wao akaangalia juu weee, akasema, "Mama, hiyo sikati. Nikikata utaniita tena mwaka ujao, mimi nitakula pesa lakini mti utaoza." Wakaacha fito chache zenye nguvu, zile dhaifu na zinazosuguana wakatoa, na akakataa kutoa zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja, eti zingine mwakani.

Mkono wake lakini! Tawi nene analianza kwa chini, kama futi moja kutoka kwa shina, halafu anakuja kwa juu mbele kidogo, linaanguka bila kuchuna gome. Kile kigutu kinachobaki anakitoa mwisho na haigusi ile shingo iliyovimba pale tawi lilitokea, maana kidonda kinafungwa kuanzia hapo. Nami nimesimama na kopo la rangi iliyobaki ya geti, tayari kupaka vidonda kama mamangu alivyokuwa akifanya. Alicheka sana. Rangi inafungia unyevu ndani, akasema, rudisha stoo.

Kitu kimoja hakikunifurahisha. Dadangu anaishi Amsterdam, huko kando ya mifereji kuna miti mingi inaitwa elmu, na iko na ugonjwa wa kuvu unaobebwa na vidudu vya gome, umeua elmu nyingi sana Ulaya na Marekani. Vidudu vinavutwa na harufu ya kidonda kibichi, kwa hivyo elmu wanazipogoa wakati wa baridi vidudu vikiwa vimelala, na misumeno wanaisafisha kabla ya kuhamia mti mwingine. Najua jakaranda si elmu, lakini huu msumeno ulitoka kwa boma la mtu Lavington asubuhi hiyo hiyo na utomvu ukiwa bado umeganda kwa meno. Nikauliza mbona hampangusi na spiriti, wakaangaliana.

Pia walisema saa mbili wakafika saa tano, na vumbi la mbao likaishia kwa nguo zangu kwa kamba. Bei 8,500, halafu 1,500 ya kubeba matawi ikatajwa kazi ikiwa imeisha, hiyo sikuipenda, ulizeni mapema.

Nyota nne. Ya tano wakija na spiriti mwakani.