Beringi yenye sumaku: angalia upande

Gari langu, Mazda Demio, lilikuwa linavuma tairi la mbele kushoto. Ukifika spidi 60 hata redio huisikii. Nikanunua beringi mpya Kariakoo, shilingi 85,000, ile yenye pete ya sumaku ndani yake. Kwa macho ni sili nyeusi tu ya mpira, lakini imejaa ncha za kaskazini na kusini zilizopangwa kwa zamu. Zikipita mbele ya sensa, kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) inajua tairi linazunguka kwa kasi gani.

Fundi wa kwanza akaipiga presi, yaani akaisukuma mahali pake kwa mashine, kinyume. Kelele ziliisha, taa ya ABS ikawaka. "Bosi, sensa imekufa, nunua nyingine." Sensa ilikuwa nzima kabisa! Na beringi ya aina hii ukishaipiga presi, kuitoa ni kuiua, kwa hiyo nikanunua ya pili. Safari hii nilikwenda na klipu ya karatasi mfukoni: upande ulioivuta ndio wenye sumaku, ndio unaotazama sensa.

Miezi minane sasa, kimya, na taa haijawaka tena. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya boksi: halina hata mshale wa kuonyesha upande.