Konkuru ya kwandika ya batoto ba sekondere huku komini Kenya, Lubumbashi: muzuri sana, lakini ile pointi 6 ingali inaniuma

Bazazi na balimu ba Lubumbashi, naandika hii juu ya mweye benye mutoto yenu eko mu ya pili, ya tatu ao ya ine umanite. Nilisikia bale ba komite ya karte banataka kurudilia konkuru ya kwandika yenye balifanya mwaka jana hapa komini Kenya, ile ya haki ya bantu ba kila rangi, na ku robine ya maji bamama banaulizana paka ile, kama iko na faida ao ni kupotezea batoto saa mbele ya egzeta, ule mutihani ya serikali ya kumaliza sekondere. Miye mutoto yangu wa ya tatu aliingia, nilifwata yote tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kusoma majina, basi nitasema vile niliona.

Kuingia ni bule. Balilomba paka kaye moja na biki, mutoto anaandika kwa mukono, kurasa tatu mpaka tano, kwa kifransa ao kwa Kiswahili, anachagula mwenyewe. Bako na mwezi moja na nusu ya kutayarisha, na kila siku ya posho (samedi) balimu bawili banakuya mu sali ya kusaidia batoto namna ya kupanga mawazo. Feza nilitosha ni ya bisi tu.

Kitu yenye ilinipendeza kupita yote ni sheria moja yenye balitia: kila mutoto anapashwa kuzungumuza na mutu mumoja mwenye alizaliwa mbele ya 1960, mu karte yake, kiisha atie mu maandiko maneno ya huyo mutu sawa vile alisema. Bila ile, karatasi yako habaisome. Mwanzo nilizania ni kusumbua batoto bule, lakini ile sheria njo konkuru yenyewe.

Juu posho ya kwanza haikuenda muzuri, niseme kweli. Mwalimu alieleza mambo ya Marekani tu, George Floyd, tarehe 25/5/2020, polisi wa Minneapolis alimukandamiza shingo na goti mpaka alikufwa, na batoto balirudia ku nyumba kila mumoja na ile habari ileile. Wangu alijaza kurasa mbili, nilisoma, nikaona alitosha ku telefoni neno kwa neno. Si mubaya kujua ile, kifo ya ule papa ilitugusa hata siye huku, na ni mu ile mwaka, tarehe 30/6/2020, mufalme Philippe wa Ubeleji aliandikia raisi Tshisekedi barua ya kusema anasikitika juu ya mabaya ya ukoloni. Lakini nilimuuliza mutoto, weye mwenyewe ubaguzi unaujua wapi? Alinyamaza. Nikamutuma kwa muzee jirani yetu.

Ule muzee alizaliwa 1937, alikomalia Kamalondo wakati ilikuwa ingali inaitwa Cité Albert. Mutoto alienda mangaribi tatu, mara ya kwanza na haya, "jambo nkambo", anakaa pembeni ya kiti, mara ya tatu nilienda kumwita mwenyewe juu chakula ilikuwa inapoa. Muzee alimueleza vile Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ilijengwa mara mbili, mji ya bazungu upande moja, cité ya beusi upande ingine, na katikati baliacha udongo bule bila nyumba, mamia ya metre, juu badaktari ba ile wakati balisema mbu ya malaria yenye iliuma mutu mweusi haiwezi kuruka mbali vile mpaka kwa muzungu. Mutoto wangu anapitaka pale na bisi kila asubui. Alirudia ku nyumba ananiuliza, mama, kumbe mbu njo ilipima mji yetu? Sikuwa na jibu, miye pia nilizaliwa hapa na hakuna mutu alinifundishaka ile ku masomo.

Alimueleza na juu ya 9/12/1941. Batumikaji ba Union Minière, ile kompani ya shaba, balikuwa baligoma, balilomba mushahara iongezwe juu bitu bilikuwa bilipanda bei na vita, balikusanyika ku kiwanja ya mupira, na basoda balibapiga masasi. Léonard Mpoyi, karani mwenye alisemea benzake, alikufwa pale, na hesabu ya bafu mpaka leo bantu habaisikilizane. Muzee alikuwa na miaka ine. Anakumbuka paka kitu moja, mama yake alifunga mulango na kuegemea mugongo pale mpaka usiku, kiisha papa yake akarudia na kiatu moja. Ile kiatu moja mutoto aliitia mu musitari ya kwanza, bila kuambiwa na mutu.

Ingine ni ya 1955, muzee akiwa boyi mu nyumba ya muzungu mumoja, eko na miaka 18, na mutoto wa ile nyumba mwenye miaka sita anamuita "boy, fanya hii, boy, leta hii", na yee alipashwa kumujibu na heshima. Usiku kama anachelewa kazi, lazima karatasi ya bwana yake mu mufuko, bila ile polisi inamubamba mu njia ya kurudia Kamalondo. Kiisha mambo ya mujomba yake mwenye alilomba imatrikulasio, ile karatasi ya 1952 yenye ilipashwa kumufananisha na muzungu mbele ya sheria. Bakaguzi baliingia mu nyumba mpaka jikoni, mpaka mu choo, balikuta batoto banakula bukari na mikono. Bakakatala. Balimuambia angali musenji, mutu bila ustaarabu.

Pale mutoto wangu alimukata maneno. "Nkambo, ile neno siye tunaitanaka nayo ku masomo kila siku."

Na ni kweli. Mweye wote munasikiaka, mutoto akivaa viatu ya kuchakaa, musenji, akikosea kifransa mbele ya kalasi, musenji, hata bamama ku soko banatupiana ile neno juu ya bei ya fufu. Ilikuwa tusi ya mukoloni kwetu siye, mukoloni alienda, siye tukaiokota. Mutoto alifuta zile kurasa zote za telefoni, akaandika upya juu ya hii neno moja, ilitokea wapi, nani alitukanwa nayo, nani anatukanwa nayo leo. Alimalizia na ile siku ya uhuru, 30/6/1960, muzee mbele ya radio na bajirani, Lumumba anasema vile mweusi alikuwa anaambiwa paka "tu", hapana "vous" ya heshima, na vile sheria haikuwa moja kwa mweupe na mweusi. Nyuma ya miezi saba hivi balimuuwa hapa karibu na mji yetu, tarehe 17/1/1961. Kwa maandiko ya mutoto wa miaka 16, nilitoka machozi, sitaficha.

Siku ya kusoma mbele ya bantu sali ilijaa mpaka inje. Sitaweza kueleza yote, lakini kuko msichana mumoja wa Katuba, alizungumuza na mama muzee metise (mwenye papa muzungu na mama mweusi) wa karte yake, akafunga ile na mambo ya tribinali ya rufaa ya Bruxelles, tarehe 2/12/2024, vile ilihukumu Ubeleji juu ya bamama batano metise benye batumishi ba koloni balibanyanganya kwa mama zabo bangali badogo na kubapeleka ku misioni ya Katende, Kasai. Tribinali ilisema ni kosa juu ya utu wa bantu wote, na kila mama alipewa euro 50,000. Sali yote ilikuwa kimya. Mumoja aliandika juu ya Ota Benga, mutoto wa inchi yetu mwenye 1906 balimutia mu nyumba ya nyani ku zoo ya Bronx, New York, bantu banakuya kumuangalia, na hapo njo nilisema moyoni, ona, ile ya Marekani na ya kwetu ni kamba moja, lakini mutoto aliifikia kwa kuanzia huku. Mwingine alisema juu ya mafuta ya kujikwajua ngozi, yaliharibu uso wa dada yake, na vile mu harusi ya kwetu banasifu bibi "mwekundu" mbele hata ya kuuliza akili yake. Ile iliuma bengi, niliona bamama fulani banaangalia chini.

Sasa niseme yenye haikuwa sawa.

Ya kwanza ni pointi. Mutoto wangu aliandika kwa Kiswahili, na sheria iliruhusu. Mumoja wa juri alimuondolea pointi 6 ku 20, na alirudisha karatasi na biki nyekundu juu ya maneno ya muzee, "beko" alikata akatia "wako", "bantu" akatia "watu", pembeni aliandika hii haiko Kiswahili bora. Yale haikuwa makosa ya mutoto, ni muzee mwenyewe njo alisema vile, na sheria ya komite iliambia batoto baandike sawa vile mutu alisema! Bale balinukuu bazee kwa kifransa ya kuvunjika-vunjika, hakuna mwenye aliguswa. Sikatae Kiswahili bora, inafundishwa na iko na kazi yake, lakini mutu wa miaka 88 mwenye mujomba yake aliitwa musenji juu batoto balikula na mikono, leo kinywa yake pia inakatwa na biki nyekundu mu konkuru ya haki? Nilienda kuona mukubwa wa komite, alinipokea muzuri, alisikiliza mpaka mwisho, alikubali kama ni kosa, lakini alisema pointi ya juri haigeuke. Mutoto alikuwa wa ine, batatu njo balipewa zawadi ya diksionere na minerval (feza ya masomo) ya mwaka. Minerval ingetusaidia, ndiyo, lakini yenye inaniuma ni zile mistari nyekundu.

Ya pili, kijana mumoja alitaka kuandika juu ya 1992 na 1993, wakati bandugu ba Kasai balifukuzwa mu Katanga, jamaa nzima zikilala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingoja train. Balimukataza, balisema ile ni kabila, haiko rangi, achague ingine. Na kumbe siku ileile avoka mwenye alikuwa mu juri alisimama kueleza batoto kama inchi yetu iko na sheria tangu 7/6/1966 yenye inaazibu ubaguzi wa rangi na ukabila, zote mbili mu karatasi moja, na kifungu ya 13 ya katiba ya 2006 inazitaja pamoja pia. Sasa kama sheria haikutenganisha, siye tunatenganisha juu ya nini? Najua kuko woga, ile kidonda ingali mbichi mu majumba mingi, hata mu yangu. Lakini batoto banazungumuza yote ku masomo, afazali bazungumuze mbele ya bakubwa benye banaweza kubaongoza.

Ya tatu, bazee. Kama kumi hivi balikuya kusikiliza maneno yabo, na balikaa nyuma, ku mabenchi, wakati biti bya mbele ni ya bageni benye kostime. Hakuna mutu alibaita majina. Muzee wetu hasikie muzuri, nilimurudilia maneno ku sikio kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Basi kama unaniuliza, mutoto aingie ao hapana? Aingie. Hata wa ine umanite aingie, kazi yenyewe ni mangaribi tatu na siku mbili ya kwandika, haiharibu egzeta, na mwalimu wa kifransa wa mutoto wangu aliniambia hata redaksio yake ilibadirika, sasa anaanza na kitu yenye aliona, hapana na maneno makubwa. Nabapa 16 ku 20, na nitabaongezea siku batakaa bazee mbele na kuambia juri iache maneno yabo.

Kitu moja ya kujua mbele: komite haikurudisha karatasi zote, zingine balibakisha juu ya kuziweka pamoja. Yetu tuliipata juu nilienda kudai. Muzee alikuwa ananiuliza kila siku, "mujukulu wangu aliandika nini juu yangu?" Nilipiga fotokopi, lakini mistari nyekundu ilitoka nayo, nyeusi sasa, juu ya maneno yake. Basi mutoto alikaa siku ya yenga, akaandika upya yote kwa mukono, safi, akamupelekea. Mweye munakili yenu mbele ya kutia kaye ku komite.